Lincoln aliwakuta njiani

Katika bustani ya Lincoln Park, mjini Washington, kuna sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1876. Abraham Lincoln amesimama wima, mkono mmoja ameunyoosha, na chini ya mkono huo mtu mweusi amepiga goti, minyororo yake imekatika. Fedha za kuijenga zilichangwa na watu waliotoka utumwani; dola tano za kwanza alizitoa Charlotte Scott, mama aliyewahi kuwa mtumwa Virginia. Wachangaji hao hawakuulizwa sanamu iweje. Sura ya aliyepiga goti ni ya Archer Alexander, mtumwa wa Missouri ambaye mwaka 1863 aliwatonya wanajeshi wa serikali kwamba daraja fulani limehujumiwa, kisha akalazimika kumtoroka bwana wake ili aokoe roho yake. Tena Missouri haikuguswa kabisa na tangazo la uhuru la Lincoln. Ninachodai ni kwamba sanamu hiyo inasimulia kinyume. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilizuka kwa sababu ya utumwa, lakini waliovigeuza kuwa vita vya kuuondoa walikuwa watumwa wenyewe, na serikali ikawafuata nyuma, mara nyingi kwa kusitasita.

Kwamba majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa si jambo la kubishania, ingawa hadi leo wapo wanaosema eti yalikuwa yakitetea haki za majimbo tu. Mississippi ilipojitenga, Januari 1861, ilitamka kwa maandishi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Unaosahaulika ni msimamo wa upande wa pili, yaani Kaskazini. Machi 1861 Bunge mjini Washington lilikamilisha pendekezo la kubadili Katiba ili serikali kuu isiweze kamwe kuugusa utumwa ndani ya majimbo, na Lincoln, siku ya kuapishwa kwake, akasema halipingi. Julai, risasi zikiwa tayari zinalia, Bunge likasisitiza tena kuwa lengo la vita ni kuirudisha nchi pamoja na si kuingilia taratibu za Kusini. Watumwa karibu milioni nne hawakuwamo katika hesabu ya yeyote.

Walijiingiza wenyewe. Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wakitumikishwa kujenga ngome ya mizinga ya waasi, walivuka maji kwa mashua hadi Fort Monroe, Virginia, ambayo bado ilishikiliwa na jeshi la serikali. Kesho yake afisa wa waasi akaja na bendera nyeupe kuwadai, akitegemea sheria ya mwaka 1850 iliyoagiza watumwa watoro warudishwe kwa mabwana zao. Mkuu wa ngome, Jenerali Benjamin Butler, alikuwa mwanasheria, na si mtu aliyejulikana kwa kupinga utumwa. Alijibu kwamba Virginia inajiita nchi ya kigeni, hivyo haiwezi kudai hifadhi ya sheria za Marekani; na kama watu hawa ni mali, basi ni mali ya adui inayotumika vitani, naye anaitaifisha. Lilikuwa jibu la kijanja, na la kuudhi pia, maana liliwaacha watu katika fungu la bidhaa. Lakini Butler asingekuwa na swali la kujibu kama watatu hao wasingepiga makasia usiku ule. Habari zikasambaa mashambani, na kabla ya msimu wa joto kwisha waliokimbilia Fort Monroe walihesabika kwa mamia, wakiwemo wanawake, watoto na wazee. Ndipo sheria zikaanza kuwafuata. Agosti 1861 Bunge liliruhusu kutaifishwa kwa watumwa waliotumiwa katika kazi za vita vya waasi. Machi 1862 likawakataza maafisa wa jeshi kuwarudisha watoro. Julai likatamka kwamba wanaowakimbia mabwana waasi na kuingia upande wa jeshi ni watu huru. Tangazo la Lincoln lilikuja Januari 1863, likiwa mwisho wa mlolongo huo.

Tangazo hilo liliwafungulia mlango rasmi wanaume weusi waingie jeshini, na kufikia mwisho wa vita walikuwa wamehudumu takriban 180,000, karibu askari mmoja kati ya kila kumi wa Kaskazini. Wapatao 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi. Walilipwa dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za sare, wakati mweupe alipata 13 na sare juu yake. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kabisa kupokea mshahara huo, kikapigana bila malipo hadi Bunge liliposawazisha viwango, Juni 1864.

Atasema mtu kwamba bila jeshi la Lincoln watoro hao wangekamatwa na kuchapwa viboko kama waliowatangulia. Ni kweli, na sikusudii kumnyang'anya Lincoln sifa yake. Ila jeshi lilikuwepo tangu 1861 na baadhi ya makamanda wake walikuwa wakiwarudisha watoro, kwa hiyo jeshi peke yake halikutosha kuleta uhuru. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba walio wengi hawakukimbia, walibaki mashambani mpaka mwisho. Lakini tazama waliowamiliki walivyowaogopa hata hao waliobaki. Oktoba 1862 Bunge la waasi liliwasamehe uandikishaji jeshini wazungu waliosimamia mashamba yenye watumwa 20 au zaidi, wakati jeshi lenyewe lina kiu ya watu. Watumwa walioridhika hawahitaji walinzi. Na kazi ilizorota. Pamba, iliyokuwa zaidi ya nusu ya mauzo ya Marekani nje ya nchi, ilikwama kwa kuzingirwa bandari na pia kwa kupungua mikono, hata merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani iliyokuwa ikivaliwa kutoka Unguja hadi Unyamwezi ikaadimika madukani. Mwanahistoria W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake cha 1935, aliuita mwendo huo wote mgomo mkuu wa wafanyakazi, nami naona hakutia chumvi.

Swali la nani aliyeleta uhuru lina deni ndani yake. Aprili 1862, utumwa ulipofutwa mjini Washington, serikali iliwalipa mabwana hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Aliyeachiwa aliahidiwa hadi dola 100, kwa sharti la kuihama nchi. Aliyepewa uhuru kama zawadi, hesabu yake huwa imefungwa; aliyejikomboa bado ana cha kudai. Januari 1865 Jenerali William Sherman alikutana na wachungaji 20 weusi mjini Savannah, msemaji wao Garrison Frazier akaomba ardhi, na siku nne baadaye Sherman akatenga eneo la pwani ligawiwe kwa familia, hadi ekari 40 kila moja. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson, aliyemrithi Lincoln, alikuwa ameamuru ardhi hiyo irudishwe kwa mabwana wa zamani. Jenerali Oliver Howard alitumwa Oktoba kisiwani Edisto, South Carolina, kuwapasha wakulima habari hiyo. Walimsikiliza, wakaipinga, kisha wakaunda kamati na kumwandikia Rais wakiidai ardhi waliyoilima miaka yote bila ujira.