Televisheni ya umma irejeshewe wajibu wa kufundisha

Zanzibar ilikuwa ikirusha matangazo ya televisheni ya rangi wakati Afrika Kusini haina televisheni ya aina yoyote. Afrika Kusini ilianza mwaka 1976. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Uamuzi wa Serikali ya Mapinduzi kuanzisha Televisheni ya Zanzibar (TVZ) mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya Rais Aboud Jumbe, ulikuwa mzito kwa visiwa ambavyo sensa ya mwaka 1978 ilivikuta na watu 476,111. Haukufanywa ili watu wapate cha kupitishia jioni. Ulifuata mkondo uleule wa tangazo la elimu bila malipo la Septemba 23, 1964: fedha za umma zimfikishie mwananchi maarifa ambayo mfuko wake hauwezi kuyanunua.

Leo mtazamaji wa Unguja ana chaneli nyingi kuliko wakati wowote uliopita, na darasa ndilo lililobanwa. Jioni, mtoto akiwa amesharudi chuoni na mzazi ametoka kazini, skrini hutawaliwa na mpira, tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili, mashindano ya vipaji, na vipindi vya maisha halisi ambamo watu hufungiwa nyumba moja ili wagombane mbele ya kamera. Kipindi cha elimu, kikiwepo, hupangiwa saa ambayo hakuna mdhamini anayeitaka.

Gazeti hili halina ugomvi na burudani. Taarabu, michezo ya kuigiza na mpira vina haki ya kuonekana katika televisheni ya watu wanaovipenda. Kinacholalamikiwa ni kwamba wajibu uliowekwa kwa fedha za wananchi unapungua bila ya mtu yeyote kusimama na kusema ameupunguza. Baraza la Wawakilishi halijawahi kupitisha sheria ya kuiondolea televisheni ya umma dhima ya kufundisha. Dhima inamomonyoka kwa ratiba, wiki baada ya wiki, na ratiba haina saini ya waziri.

Njia hii imeshapitiwa na wengine, na mwisho wake unajulikana. Marekani mwaka 1972, wizara yake ya afya na elimu ikishirikiana na NASA ilianzisha mradi wa kuwafikishia walimu wa milima ya Appalachia masomo kwa setilaiti. Mwaka 1980 mradi huo ukabinafsishwa na kuitwa The Learning Channel, yaani chaneli ya kujifunza. Mwaka 1991 ukanunuliwa na kampuni ya Discovery. Mmiliki mpya alianza na ukarabati wa nyumba na mapishi, akaenda kwenye harusi, kisha kwenye familia zenye watoto wengi na vituko vya majumbani. Jina likafupishwa kuwa TLC, na kujifunza kukabaki katika herufi moja ambayo watazamaji wengi hawajui inasimamia nini. Chaneli ya History, iliyoanza mwaka 1995 kwa vipindi vya historia, nayo ilijikuta ikiongozwa na vipindi vya madereva wa malori na wenye maduka ya rehani.

Katika mikasa hiyo hapakuwa na siku moja ya kuhukumiwa. Kila hatua ilikuwa ndogo na ilikuwa na sababu ya kibiashara. Chaneli ya binafsi ina haki ya kufanya hivyo, kwa sababu inawajibika kwa wenye hisa. Chaneli ya umma haina haki hiyo.

Teknolojia yenyewe haikulazimisha matokeo hayo. Setilaiti ya ATS-6 iliyorushwa mwaka 1974, ambayo ilitumika kuwafundisha walimu wa Appalachia, ilisogezwa mwaka uliofuata ikaihudumia India. Kwa mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1975, vijiji 2,400 vya India vilipokea vipindi vya kilimo, afya, uzazi wa mpango na masomo ya watoto wa skuli. Chombo kilekile kilitoa chaneli ya vituko upande mmoja na darasa la vijiji upande wa pili. Tofauti ilitokana na nani alimwagiza nani, na kwa fedha za nani.

Mvuto wa vipindi vya maisha halisi kwa wenye vituo unaeleweka kwa hesabu. Havihitaji mwandishi wa hadithi wala mtafiti wa kuthibitisha ukweli, na washiriki wengi hufanya kazi kwa matumaini ya zawadi. Baada ya kipindi cha Big Brother kuanza Uholanzi mwaka 1999 na kuingia Afrika mwaka 2003, ilidhihirika pia kwamba mtazamaji anaweza kulipishwa mara mbili: kwanza kwa kifurushi cha king'amuzi, kisha kwa ujumbe wa simu wa kumpigia kura mshiriki. Tanzania ilishiriki kikamilifu: Richard Bezuidenhout alishinda mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014. Kipindi cha kumfundisha mwanafunzi wa darasa la sita hesabu za sehemu hakina kura ya simu. Kikiachwa kishindane na Big Brother kwa kipimo cha mapato, kimeshashindwa kabla hakijarekodiwa.

Kila mjadala wa aina hii unapoibuka visiwani, viongozi hukimbilia maadili. Hutolewa onyo kuhusu mavazi na lugha, wasikilizaji wakapiga makofi, na jambo likaishia hapo. Malawi ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2003 Bunge lake liliitaka televisheni ya taifa iache kuonyesha Big Brother. Mahakama ikaitengua amri hiyo, na hata ilipokuwa ikitekelezwa, wenye madishi ya kulipia waliendelea kutazama. Aliyenyimwa ni asiye na uwezo wa kulipa. Marufuku haijazi ratiba. Saa moja iliyoondolewa kipindi kibaya, bila ya kipindi kizuri kuandaliwa, hujazwa na kibaya kingine. Hotuba za maadili zimekuwa kichaka cha kujifichia wale ambao kazi yao ni kutafuta bajeti ya vipindi na kuisimamia.

Pengo hilo lina gharama inayoonekana. Wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya mashariki wanaolima mwani wameona zao lao likiharibika maji ya bahari yanapozidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri ndiyo inayodhurika zaidi. Suala hilo linahitaji maelezo ya kitaalamu kwa Kiswahili chepesi, yenye picha, yatakayorudiwa msimu hadi msimu. Taarifa ya dakika mbili kwenye habari, inayomwonyesha mgeni rasmi akikabidhi kamba na vigingi, haimfundishi mkulima lolote.

Mji Mkongwe nao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Tukio hilo lilitangazwa kwa wingi kama msiba. Wakaazi wa nyumba za mawe na chokaa walistahili baada ya hapo kufundishwa kwa nini plasta ya saruji hunasa unyevu ndani ya kuta za chokaa, boriti huoza wapi, na dalili gani zinamwambia mtu ahame kabla paa halijamwangukia. Mafundi wenye ujuzi huo wapo mjini. Televisheni inayolipiwa na umma ndiyo inayopaswa kuwafuata.

Kukosa uwezo si kisingizio, maana uwezo umeshaonekana. Kati ya mwaka 2006 na 2011 watoto wadogo wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa redio kupitia vipindi vya Tucheze Tujifunze, katika mradi uliofadhiliwa na Marekani. Skuli zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalihamishiwa redioni na kwenye televisheni. Walimu walipatikana, kamera zilipatikana, na saa zilipatikana. Dharura ilipokwisha, swali la kwa nini utaratibu huo usiwe wa kudumu halikupewa uzito unaostahili. Elimu ya televisheni inayokuja kwa mfadhili au kwa maradhi, ikaondoka navyo, haiwezi kuitwa sera.

Watetezi wa hali ilivyo wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba watu hawataki kufundishwa, wanataka kuchekeshwa. Jibu lipo Dar es Salaam. Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili, ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 na ikavuka mipaka ya Tanzania kwa kupendwa. Utafiti uliofanywa Morogoro kuhusu katuni dada yake, Akili and Me, uliwakuta watoto walioitazama wakiwapita wenzao katika kutambua namba, kuhesabu na kutambua maumbo. Watoto hao walicheka na kujifunza kwa pamoja. Kinachowachosha watazamaji ni mwalimu aliyewekwa mbele ya ubao na kamera moja isiyosogea, na hilo ni kosa la mtayarishaji.

Hoja ya pili ni kwamba kila kitu sasa kimo kwenye simu. Si kweli kwa kila nyumba. Bando linaisha, simu ni moja kwa watu sita, na kilichomo humo kwa Kiswahili hakina mtu wa kukihakiki. Mtoto wa Mkokotoni au wa kisiwa cha Uzi hawezi kuambiwa atafute mwenyewe kile ambacho nchi yake ilimuahidi kwa televisheni kabla wazazi wake hawajazaliwa.

Wanaopaswa kujibu wanajulikana. Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC, liliundwa mwaka 2013 kwa kuunganishwa TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar. Lilirithi majengo na masafa, na lilirithi pia wajibu. Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ndiyo inayotoa leseni na kuweka masharti, kwa kuwa utangazaji si jambo la Muungano. Hakuna mamlaka ya Dodoma ya kusukumiwa lawama. Wizara yenye dhamana ya habari inasimamia vyote viwili. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina mitaala na walimu, lakini haiwezi kuendelea kuitazama televisheni kama mahali pa kutangazia matokeo ya mitihani.

Hatua zinazotakiwa ni chache na zinatekelezeka. Tume iweke katika leseni ya mtangazaji wa umma kiwango cha chini cha saa za elimu kwa wiki, na sehemu ya saa hizo iwe kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku. Kiwango kisichotaja muda wa siku kitatimizwa saa tisa za usiku, watoto wakiwa wamelala. Vituo vya binafsi vipewe sharti jepesi zaidi, kwa kuwa navyo hutumia masafa ambayo ni mali ya umma.

Shirika lichapishe kila baada ya miezi mitatu idadi ya saa za elimu lilizorusha, mada zake, lugha yake na gharama yake, pamoja na majina ya wadhamini wa kila kipindi. Mjadala kuhusu nani amepunguza nini utakwisha siku takwimu hizo zitakapowekwa hadharani, na shirika linalotimiza wajibu wake halina sababu ya kuchelewa.

Serikali nayo itoe fungu maalumu la vipindi vya elimu, lisiloweza kuhamishiwa sherehe, misafara wala matangazo ya mafanikio ya viongozi. Shirika linaloambiwa lijitegemee kwa matangazo ya biashara haliwezi kulaumiwa peke yake kwa kumtii mtangaza biashara. Anayekata bajeti ndiye mpangaji wa kwanza wa ratiba.

Kamati ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia habari iwaite watendaji wa shirika na wa Tume mara moja kwa mwaka, mbele ya umma, wajibu kwa hesabu. Wajumbe wanaokwenda barazani Chukwani kuuliza maswali ya barabara na visima wana wajibu wa kuuliza pia watoto wa majimbo yao wamefundishwa nini na chombo wanachokilipia.

Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,889,773, karibu mara nne ya wale wa mwaka 1978, na wengi wao ni watoto na vijana. Waasisi wa TVZ walikuwa na watu wachache, vifaa vichache na fedha chache, wakaamua televisheni ifundishe. Warithi wao wana zaidi ya vyote hivyo. Kama wameamua kwamba televisheni ya umma isifundishe tena, waseme hivyo ndani ya Baraza na waupigie kura uamuzi huo. Kama hawajaamua hivyo, ratiba ya robo mwaka ijayo ibadilike.