Kijitabu cha Nukta Nyeusi

Wanafunzi wengi wakiulizwa mwanzo wa mwaka wataka nini shuleni, hujibu kwamba wataka kuwa wa kwanza darasani. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini halifai kuwa kusudi. Wa kwanza ni mmoja tu, na waliobaki, hata wakiongeza maarifa mengi, watajiona wameshindwa. Tena mtoto hajui afanye nini leo jioni ili awe wa kwanza mwisho wa mwaka. Kusudi jema ni lile awezalo kulianza leo, na baada ya siku chache akaona kwa macho yake kama amelifikia au bado.

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 katika mji wa Boston, Marekani, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto wengi, naye akamtoa shuleni alipokuwa na miaka 10. Mwandiko mzuri alikuwa ameupata, bali hesabu zilimshinda. Alipofika miaka 12 alitiwa katika kazi ya kupiga chapa kwa kaka yake.

Hata siku moja baba yake akaziona barua alizokuwa akiandikiana na rafiki yake, wakibishana kama yafaa wasichana wapewe elimu. (Franklin alisema yafaa, na haki ilikuwa upande wake.) Mzee hakumwambia tu, "Ongeza bidii," neno ambalo watoto hulisikia kila siku lisiwafae kitu. Alimwonyesha mahali penyewe: herufi na vituo vyake ni sahihi, lakini maneno hayana uzuri, wala mawazo hayafuatani vema. Akamtolea mifano katika barua zilezile.

Basi kijana akajua la kufanya. Akatwaa kitabu cha makala za gazeti la The Spectator la London. Alisoma makala moja, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaiweka kando siku chache. Kisha akaiandika upya kwa maneno yake, akailinganisha na ile ya kwanza na kusahihisha makosa. Mara nyingine aliyachanganya madokezo makusudi, na baada ya majuma kadhaa akajaribu kuyapanga, ili ajifunze utaratibu wa mawazo. Hayo aliyafanya usiku baada ya kazi, au alfajiri kabla ya kazi. Hesabu nazo alizirudia baadaye, akamaliza kitabu kizima peke yake bila taabu.

Alipokuwa mtu mzima alijifanyia kijitabu cha tabia 13, kama vile kiasi, kunyamaza, utaratibu na bidii. Kila tabia ilikuwa na ukurasa wake, wenye mistari ya wino mwekundu na safu 7 za siku. Kila jioni alitia nukta nyeusi palipokuwa na kosa. Hakupigana na makosa yote kwa nguvu moja. Kila juma aliangalia zaidi tabia moja. Alistaajabu kuona nukta nyingi kuliko alivyodhani, na utaratibu ulimsumbua hata uzeeni. Kwa kufuta na kuandika tena karatasi zikatoboka, ndipo akahamia kurasa za pembe ya ndovu, zilizofutika kwa sifongo chenye maji.

Mwanafunzi hana haja ya pembe ya ndovu. Daftari kuukuu yatosha. Aandike jambo moja, kama kujua jedwali la 7 bila kukwama, apige mistari ya siku 7, na kila jioni atie nukta kwa kila mahali alipokwama. Asihesabu nukta za jirani. Wala walimu na wazazi wasizigeuze nukta hizo kuwa hesabu ya fimbo, maana mtoto mwenye hofu atajifunza kuzificha. Mwalimu akitazame kijitabu mara moja kwa juma, aulize nukta za Jumanne zilitoka wapi, amwonyeshe mtoto mfano mmoja, kisha amrudishie.