Kivu: Gari ikiibiwa, asiransi ya lazima hailipi mwenye gari

Katika miji ya Goma na Bukavu, wenye magari wengi wanabandika karatasi ya asiransi kwenye kioo cha mbele na kuamini kwamba mali yao imelindwa. Siku kioo kinavunjwa, batri inang'olewa ama gari yote inatoweka, ndipo wanagundua kwamba karatasi ile ilikuwa ya kulinda watu wengine, si wao. Kwa familia inayoishi kwa feza ya taksi moja, ugunduzi huo unamaanisha karo ya shule na kodi ya nyumba.

Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ndiyo ililazimisha kila mwenye gari nchini Kongo kuwa na asiransi ya kulipia madhara anayoletea wengine, ile inayojulikana kwa kifupi kama RC. Dereva akigonga mtembea kwa miguu ama gari ya jirani, kampuni inamlipa aliyeumia. Gari ya dereva mwenyewe haimo. Wizi, moto na kuvunjika kwa vioo vinanunuliwa kando, kwa feza ya ziada, na vinapaswa kuandikwa katika mkataba. Polisi wa barabarani wanapokagua, wanatafuta RC tu. Basi wengi wananunua kile kinachoepusha faini, wanaishia hapo.

Desturi hiyo ina historia. Tangu miaka ya 1960, SONAS, kampuni ya serikali, ilikuwa peke yake kwenye soko la asiransi. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko hilo, na mwaka 2019 kampuni za kwanza za kibinafsi zikapewa ruhusa chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka inayochunga kazi hiyo kutoka Kinshasa. Lakini karibu miaka 50 ya kununua mahali pamoja iliwazoeza watu kuona asiransi kama kodi. Kodi inalipwa tu. Mkataba unasomwa, unalinganishwa na mwingine, na kuulizwa maswali. Mikataba yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, na wengi wanaweka sahihi bila kuelezwa lolote kwa Kiswahili.

Vita vimeongeza ugumu. M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mikataba mingi ya asiransi, hapa na kwingine duniani, haihesabu hasara inayotokana na vita, ghasia ama uporaji wa wakati wa machafuko, isipokuwa mteja amelipia kipengele hicho kando. Kwa hiyo hata mtu aliyenunua asiransi ya wizi anaweza kukataliwa ikiwa gari yake ilichukuliwa siku za mapigano. Na gari iliyoibiwa usiku, miezi baadaye, na watu wenye bunduki? Kampuni inaweza kusema ni vita, mwenye gari atasema ni ujambazi wa kawaida. Jibu litategemea maneno ya mkataba na ushahidi uliokusanywa mapema.

Ushahidi huo nao una tatizo lake. Kwa kawaida kampuni inaomba proseverbali ya polisi. Lakini Kinshasa haitambui utawala wa AFC/M23. Je, kampuni yenye makao Kinshasa itapokea karatasi iliyotolewa na utawala huo? Na malipo yatapitia wapi, kwa kuwa benki za Goma zilifunga milango vita vilipoingia mjini? Haya ni maswali ya kuuliza siku ya kununua asiransi, na jibu litolewe kwa maandishi. Anayeyauliza baada ya wizi amechelewa.

Wizi ukitokea, hatua za kwanza zinahesabiwa kwa saa. Mwenye gari asiguse kitu kabla ya kupiga picha za kioo kilichovunjwa, mlango na mahali gari iliposimama. Aandikishe mashtaka siku ileile, kisha aijulishe kampuni kwa barua na kubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa katika mkataba, na kwa wizi huwa ni siku chache tu. Nakala za karte roze, namba ya shasi, risiti ya kununua gari na funguo zote mbili zitaombwa. Anayeweka karatasi hizo zote ndani ya gari anaibiwa mara mbili.

Kuna pia hesabu ambayo inashangaza wengi. Mkataba huwa na franshizi, sehemu ya hasara ambayo mteja anabeba mwenyewe. Tuseme gari ina asiransi ya dola 6.000 na franshizi ni asilimia 10: ikiibiwa, kampuni inatoa dola 5.400, na inaweza kupunguza tena kwa sababu ya uchakavu. Wengine wanataja bei ndogo ili walipe kidogo kwa mwaka. Gari ya dola 8.000 ikiandikwa 4.000, kampuni inaweza kulipa nusu tu ya kila hasara: vioo na redio vya dola 1.000 vitaleta 500. Na simu, kompyuta ama feza iliyoachwa kwenye kiti kwa kawaida haihesabiwi kuwa sehemu ya gari.

Jeep na pikapu zenye paa la turubai zinaonyesha vizuri mtego mwingine. Mwizi hahitaji ufunguo, wembe unatosha. Mara nyingi turubai lililokatwa linagharimu kuliko kilichobebwa. Kwa hiyo baadhi ya wenye magari hayo wanaacha milango bila kufunga, ili mwizi aangalie, akose kitu na aondoke bila kupasua. Ni hesabu ya busara barabarani, lakini mezani kwa kampuni inaweza kuwa hasara: mikataba mingi inadai alama za kuvunja ndipo wizi ulipwe. Mwenye gari ya turubai hana budi kuuliza kampuni yake inataka nini, na kwa vyovyote asiache kitu kinachoonekana ndani.

Kuzuia bado ni rahisi kuliko kudai. Fundi wa umeme anaweza kuficha swichi inayokata petroli ama moto wa injini, na chuma cha kufunga usukani kinamchelewesha mwizi mwenye haraka. Namba ya plaki ikichongwa kwenye vioo na taa, vinakuwa vigumu kuuzwa sokoni. Kifaa cha GPS kinasaidia kufuata gari, mradi mtandao uwepo na mtu asiende kuidai peke yake mbele ya watu wenye silaha. Nyumbani, geti na zamu anayejulikana mtaani vina uzito, na kampuni nyingine zinaandika katika mkataba mahali gari inapopaswa kulala usiku.

Lakini mzigo huu hauwezi kuachiwa wenye magari peke yao. ARCA ina uwezo wa kuzitaka kampuni zitoe, kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa, ukurasa mmoja unaoeleza kinacholipwa na kisicholipwa. Kampuni zinazoendelea kukusanya feza za wateja wa Kivu nazo zinapaswa kutangaza karatasi gani zitapokelewa na malipo yatapitia njia gani wakati huu. Mpaka hapo, kabla ya kulipia mwaka mwingine, mwenye gari afungue mkataba na kutafuta neno moja: wizi. Kama halimo, gari yake haina asiransi ya wizi, hata kama karatasi iko kwenye kioo.