Kisukari: Miguu inakatwa ilhali mingi ingeokolewa

MGONJWA wa kisukari anapokatwa mguu, jamaa husema kwamba sukari imemla. Lakini mara nyingi mguu huo huwa umekwisha kupotea majuma kadhaa kabla ya kisu cha daktari kuugusa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumvua kiatu na kuutazama unyayo wake.

Ndiyo sababu mjadala kuhusu gharama za matibabu nchini hauna budi kuteremka kutoka vyumba vya upasuaji hadi zahanati za mashinani.

Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huleta madhara ya aina mbili miguuni. Kwanza, huharibu mishipa ya fahamu. Mguu hufa ganzi na mwenyewe hahisi tena msumari, changarawe ndani ya kiatu wala joto la jiko. Pili, mishipa ya damu huziba, na kidonda kikakosa damu ya kutosha kupona.

Mnamo 2005, madaktari wa Dar es Salaam walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Uchungu ambao wengi wetu huuombea uondoke ndio mlinzi wa mguu. Mlinzi huyo akiondoka, adui huingia usiku.

Kupitia kidonda kidogo kama hicho, viini hupenya hadi misuli na mifupa. Tafiti za kimataifa zimeonyesha kwamba takriban asilimia 85 ya visa vya kukatwa mguu kutokana na kisukari hutanguliwa na kidonda. Kwa hivyo, anayetibu kidonda mapema huwa anazuia mguu kukatwa.

Kuna balaa nyingine isiyojulikana sana, iitwayo Charcot kwa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19. Mguu au kifundo chake huvimba na kuwa na joto kuliko mwenzake, ilhali maumivu ni kidogo. Ndani, mifupa inavunjika na viungo vinateguka huku mgonjwa akiendelea kutembea. Wengi huambiwa wameteguka tu, wakapewa dawa ya kuchua na kurudishwa nyumbani. Miezi ikipita, unyayo huporomoka na kifundo kupinda.

Hali hii ikitambuliwa mapema, tiba yake kuu ni plasta ngumu hadi chini ya goti, kama anayofungwa aliyevunjika mfupa, kwa miezi kadhaa. Plasta iyo hiyo huponya vidonda vingi vya unyayo kwa kuviondolea uzito wa mwili. Miongoni mwa walioieneza mbinu hii ni Dkt Paul Brand, aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma nchini India na baadaye Marekani. Alionyesha kwamba miguu yao haikuwa ikioza yenyewe, bali ilikuwa ikijeruhiwa kwa kukosa hisia.

Hata hivyo, plasta hufungwa na aliyefunzwa. Ikifungwa vibaya kwenye mguu wenye ganzi huleta kidonda kipya, na haifai penye viini vikali au damu haba.

Mguu uliooza au wenye usaha ni dharura ya siku hiyo hiyo. Madaktari huondoa usaha na nyama iliyokufa, hutoa dawa za kuua viini, na huchunguza iwapo mishipa ya damu inaweza kuzibuliwa. Kifundo kilichoporomoka huenda kikahitaji upasuaji wa kunyoosha mifupa. Aidha, yapo mazingira ambapo kukata mguu ndiko kunakookoa maisha, na daktari anayesema hivyo asilaumiwe.

Lakini je, wagonjwa wetu wangapi hufika hospitali ya rufaa mapema? Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulibainisha kwamba karibu Wakenya tisa kati ya kumi wenye umri wa miaka 18 hadi 69 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Asiyejua ana kisukari hawezi kuchunga miguu yake.

Majirani zetu walionyesha njia. Katika miaka ya 2000, Tanzania, chini ya uongozi wa Dkt Zulfiqarali Abbas, ilishiriki pamoja na India katika mradi wa kuwafunza madaktari na wauguzi kuchunguza na kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kenya ina msingi wa kujengea. Huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa vifaa vikiwemo vya kupima sukari. Nayo sheria ya bima ya afya ya 2023 iliunda hazina ya huduma za msingi, kando na ile ya bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kinachohitajika ni kaunti kuagiza kwamba kila mgonjwa wa kisukari anayekuja kuchukua dawa avuliwe viatu angalau mara moja kwa mwaka. Uzi mwembamba wa plastiki wa kupima hisia, na kidole cha muuguzi cha kutafuta mpwito wa damu, si vifaa vya bei ghali. Kila kaunti pia iwe na angalau hospitali moja yenye mtu aliyefunzwa kufunga plasta hiyo.

Waliopona nao wasisahauliwe. Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, na takriban wanne kati ya kumi waliopona hupata kidonda tena kabla ya mwaka kwisha.

Bajeti inayolipia msumeno wa kukata mguu na kusahau kumvua mgonjwa kiatu inalipa gharama kubwa ili kupata hasara.