FUNDI, PIMA KWANZA!

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakukosea. Lakini msomaji mpendwa, ni mara ngapi umeona mawingu yakitanda alasiri nzima kisha yakapita bila kudondosha hata tone? Ndivyo ulivyo moshi wa gari kuukuu. Ni dalili, naam, ila si kila moshi husema neno moja. Maoni yangu ni haya: fundi asifumue injini ya mtu kabla hajaipima mgandamizo, au kompresheni kama mafundi wenyewe waiitavyo. Na mwenye gari asitoe pesa zake kabla hajaonyeshwa kipimo.

Sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Yalitukuta nyumbani.

Baba ana pikapu ya petroli yenye silinda 4, gari ambalo limenizidi umri kwa mbali. Huko kwetu karibu na Nyahururu, ndilo hubeba maziwa alfajiri na viazi siku za soko. Karo yangu hutoka humo humo. Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, lilianza kutetemeka likiwa limesimama, likakosa nguvu mlimani, na asubuhi likiwashwa lilitoa moshi wa buluu kwa muda mfupi. Baba akalipeleka gereji. Fundi akaliwasha, akasikiliza, akatazama moshi, akatikisa kichwa.

"Mzee, ringi zimekwisha. Hapa ni kufungua tu."

Baba akauza mtamba. Injini ikafumuliwa, ringi mpya zikatiwa, gari likarudi. Lo! Mtetemeko ulikuwa ule ule, na mlimani bado lilihema kama mwenye pumu. Pesa za mtamba zilikuwa zimekwenda, maziwa yakawa yanabebwa kwa bodaboda ya kukodi, nami nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikaa huko wiki 3 huku wenzangu wakiendelea na masomo.

Ndipo mjomba alipomleta fundi mmoja wa makamo. Huyu hakuuliza habari za moshi kwanza. Alitoa mkobani mita ndogo ya mviringo, yenye mshale na mpira wa kuunganisha penye tundu la plagi.

Kabla sijaendelea, acha nieleze kidogo. Injini ya petroli huishi kwa kubana. Pistoni hupanda, mchanganyiko wa hewa na petroli ukabanwa mahali padogo, kisha cheche ikaruka na nguvu ikapatikana. Wale tunaosoma Fizikia tunakumbuka kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662: hewa ikibanwa, presha yake hupanda. Sasa ikiwa ringi zimelika, au vali haifungi sawasawa, au gasketi ya kichwa cha injini imeungua, hewa huponyoka na nguvu hupotea. Kazi ya mita ni kuonyesha silinda inayovuja.

Fundi alifanya hivi. Aliiacha injini ipate joto kwanza. Akaizima, akachomoa waya wa koili ili cheche isiruke, akatoa plagi zote 4. Akaifunga mita kwenye silinda ya kwanza, akamwambia Baba akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga stata mpaka mshale usipande tena. Akafanya hivyo kwa kila silinda, nami nikiandika kwenye daftari langu la Hesabu. Ya kwanza ilitoa pauni 125 kwa inchi ya mraba, ya pili 120, ya tatu 45, ya nne 125.

Kwa kiherehere changu nilidakia, "Fundi, zote zimekufa! Kitabu cha gari kinasema 160."

Akacheka. "Kijana wangu, hicho kitabu hakikuandikwa Nyahururu."

Na kweli! Nyahururu iko yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini inayotoa 160 kule pwani itatoa karibu 120 huku kwetu ilhali haina ugonjwa wowote. Basi anayeshika namba ya kitabu bila kufikiri anaweza kuihukumu injini nzima bure. La maana zaidi ni kuzilinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe. Tatu zilikuwa sawa, moja ndiyo iliyoanguka.

Kisha akamimina kijiko kimoja cha oili katika silinda ile ya tatu, akapima tena. Hapa ndipo penye siri yote. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda. Presha ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda ndio wenye kosa. Isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi. Na kama silinda 2 zinazopakana ndizo zilizoanguka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Yetu ilitoka 45 ikafika 50 tu. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua na kumeguka ukingoni. Ikabadilishwa, nyingine zikasagwa, na sili za vali zikatiwa mpya. Ule moshi wa asubuhi ulikuwa umetoka kwenye sili hizo kuukuu, oili ikivujia ndani usiku. Gari likapona. Mtamba hakurudi.

Wapo watakaonipinga. Watasema fundi hodari husikia kwa sikio. Siwadharau. Fundi wa kwanza simwiti mwizi, kwani alisikia kweli kuwa injini ni mgonjwa. Lakini sikio halikumwambia ni silinda gani wala ni kiungo gani. Hata daktari husikiliza kifua, kisha akakutuma maabara. Wengine watasema mita ni ghali. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kufumua injini moja bure, na mafundi wa jua kali wanaweza kuchanga wakanunua moja ya pamoja.

Hata hivyo, nisije nikaisifu mita kupita kiasi. Haisemi lolote kuhusu pampu ya mafuta, koili au beringi. Isitoshe, lori la dizeli lina mita yake, kwa kuwa presha yake huweza kupita pauni 400. Usithubutu kutumia mita ya petroli huko. Ila kwa swali moja, yaani kama injini yastahili kufumuliwa na ianzie wapi, sijaona shahidi bora.

Kwa hivyo, wenzangu, mkienda likizo waambieni wazee nyumbani wamwulize fundi mambo matatu: Umepima? Kila silinda imetoa ngapi? Ulipotia oili, mshale ulipanda? Fundi wa kweli hatakasirika. Kuuliza si ujinga, na anayeuliza hivyo hamtukani fundi, bali analinda ng'ombe wake.

Nanyi mnaotamani kuwa mafundi baada ya Kidato cha Nne, nawasihi mkumbuke kuwa nyuma ya kila pikapu kuukuu mna mtoto wa mtu anayesubiri karo. Moshi mtauona, na mtetemeko mtausikia. Pimeni kwanza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu