Tusimcheke Binti kwa Kusema "Kaja"



Binti wa darasa la tatu anasimama na kusema, "Mama kaja." Darasa zima linacheka, na mwalimu anamkatiza: "Hicho si Kiswahili!" Binti anakaa, wala hanyanyui tena mkono. Wengi wetu tuliokulia Wete, Chake Chake na Mkoani tumewahi kuwa binti huyo.

Tunasema wazi: huko si kufundisha sarufi. Ni kumuaibisha mtoto kwa lugha ya mama yake.

"Kaja" ina sarufi yake. Ile ka- imebeba nafsi na wakati kwa pamoja. "Amekuja" inavitenga: a- ni ya nafsi, -me- ni ya jambo lililokwisha kutendeka. Mwalimu akiziandika zote mbili ubaoni, moja ya nyumbani na moja ya mtihani, mtoto atajifunza viambishi bila ya kuchekwa. Ni kazi ya dakika tano.

Na Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928, zama za ukoloni, mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wake, ili vitabu vya skuli viwe na lugha moja. Ulikuwa uamuzi wa watu, wala haukuzifanya lahaja nyengine kuwa makosa. BAKIZA yenyewe imechapisha kamusi ya Kipemba. Na Suratur-Rum, aya ya 22, inazihesabu tofauti za lugha zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Nani basi katupa ruhusa ya kuzicheka?

Tutaambiwa mtihani hauulizi Kipemba. Kweli, na hatutaki binti zetu wafeli. Wajifunze sanifu, waandike "dhahabu" kwa dh na "ghali" kwa gh. Lakini mtoto anayejua makonyo, jamvi na pishi kutokana na karafuu za bibi yake haji skuli mtupu. Msamiati wake uanzie hapo.

Kwa nini tunalisema hili mbele ya mabiharusi? Kwa sababu binti aliyenyamazishwa darasani ndiye atakayeulizwa na walii wake kama ameridhia, na mahari anayotaka ni nini. Kimya cha bikira huhesabiwa ridhaa. Basi kiwe kimya cha haya, kisiwe cha woga wa mtu aliyezoea kuchekwa kila afunguapo mdomo.

Mama, mwanao akirudi skuli leo, muulize kasahihishwa neno gani, na kwa namna gani. Ikiwa kachekwa, nenda kwa mwalimu, uzungumze naye kwa adabu. Na siye wenyewe tuache kuwakatiza watoto wetu mbele ya wageni wa mjini, maana kicheko hicho mara nyingi huanzia ukumbini kwetu.