Johnson Ameigizwa, Mwalimu Je?

Katika filamu ya televisheni iitwayo All the Way, ambayo kituo cha HBO kiliionyesha Marekani mwezi Mei 2016, na ambayo asili yake ni mchezo wa jukwaani wa Robert Schenkkan, mwigizaji Bryan Cranston anatusimamishia mbele ya macho Lyndon Johnson, rais aliyekalia kiti kilichoachwa wazi na risasi iliyomuua Kennedy Novemba 1963. Kwa muda usiotimia mwaka anabembeleza, anatisha, anaahidi asichokusudia kutimiza, anamwinamia mwenziwe hadi pua zao zikaribie kugusana, na kwa hila zote hizo, ambazo mwalimu wa madrasa asingeidhinisha hata moja, anaipitisha sheria ya haki za raia ambayo Wamarekani weusi walikuwa wameidai kwa damu yao, akaitia sahihi tarehe 2 Julai 1964.

Lau hekaya ingekoma hapo, tungekuwa na sifa tupu za mtawala, na sifa za namna hiyo hazina upungufu duniani. Lakini mwezi Agosti wa mwaka ule ule, weusi wa Mississippi, ambao kwao kujiandikisha kupiga kura kulikuwa ni kuitia shingo hatarini, walikwenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa chama cha Rais huyo huyo kudai viti vyao. Na Bibi Fannie Lou Hamer, aliyekulia katika mashamba ya pamba, alipoketi kutoa ushahidi wa jinsi alivyopigwa gerezani, Johnson aliwaita waandishi wa habari papo hapo ili kamera zimwache bibi yule zimgeukie yeye. Watu wa Mississippi wakapewa viti viwili tu, wakavikataa. Thamani ya mchezo huu naiona hapo hasa, kwa kuwa kipimo cha kiongozi hakipatikani katika jinsi anavyopambana na adui zake, jambo ambalo hata jambazi huliweza, bali katika anavyowafanyia wale waliolichukua neno lake kuwa ni kweli wakalifuata.

Hapa Matogoro, chini ya vilima ambako mto Ruvuma huanza safari yake ndefu kuelekea Bahari ya Hindi, jioni nyingi watu huketi kutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na wako vijana wanaozijua fitina za jumba la Sultani kwa ufasaha kuliko wanavyoijua Kamati Kuu ya TANU. Siwalaumu, maana za Sultani zimetungwa zikatungika. Ninachodai ni kwamba katika mkoa wetu huu huu imelala hadithi isiyopungukiwa na chochote mbele ya ile ya Johnson, nayo ni ya Litowa.

Mnamo 1960 vijana wa TANU waliingia msituni Litowa, katika wilaya ya Songea, wakakusudia kuishi na kulima pamoja. Jaribio la kwanza likawashinda, wakarudi tena, na safari hii wakadumu. Kiongozi wao, Ntimbanjayo Millinga, na wenzake wakaanzisha Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, iliyojulikana kwa herufi zake RDA, ambayo ilikuja kuunganisha vijiji kama 17. Na Mwingereza Ralph Ibbott, ambaye kabla ya hapo alikuwa Rhodesia ya Kusini katika shamba ambalo weusi na weupe walifanya kazi pamoja, akahamia kwao na familia yake awe mshauri. Mambo yao yote yaliamuliwa barazani, kazi ya nani na mavuno yaende wapi. Watoto walikuwa na shule yao iliyolima na kusoma kwa wakati mmoja. Na jumuiya ikamiliki mashine ya kusaga pale Songea mjini. Almuradi yale ambayo Azimio la Arusha la 1967 liliyatamka kwa maandishi, watu hawa walikwisha kuyatenda kwa jembe, na Mwalimu Nyerere hakuficha mapenzi yake kwao, kiasi kwamba waraka wake wa Ujamaa Vijijini unanukia Litowa toka mwanzo hadi mwisho.

Kisha, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu mwenyewe, ikaivunja RDA. Mali ikachukuliwa, walimu wa shule wakatawanywa, Ibbott akaondoka nchini. Kosa la watu wale, ukiliondolea mapambo ya maneno, lilikuwa kwamba walijitawala. Na mkulima anayejua kumjibu mkubwa wa mkoa kwa hoja huwa mzigo mzito kwa mkubwa huyo. Wajumbe wengi hawakutaka kijiji kisimame nje ya mkono wa chama. Mwalimu, ambaye Oktoba 1968 alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, alikuwamo chumbani, na uamuzi ukatoka.

Mtunzi wa tamthilia akitaka onyesho moja la kulijengea kazi yake yote, alichukue hilo. Awaweke wale wajumbe mezani, amweke na mtu mwembamba mwenye mvi chache anayejua thamani ya kinachovunjwa kuliko wote waliomzunguka, kisha amwache aseme au anyamaze. Kutoka hapo njia inakwenda moja kwa moja hadi Novemba 1973, amri ilipotoka kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini rasmi ifikapo mwisho wa 1976, na hiari ikawa kitu cha kukumbukwa. Hata Johnson mwenyewe angeweza kupita katika sehemu moja, kwani Januari 1965 serikali yake na ya Mwalimu ziligombana, Tanzania ikawafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani.

Najua nitajibiwa kwamba tamthilia kama hiyo ni kumvunjia heshima Baba wa Taifa, na wengine wataongeza kuwa kanisa lake limekwisha kumwita Mtumishi wa Mungu. Nawauliza: ni nani aliyetutafsiria Julius Caesar, mchezo wa mtawala aliyeuawa na rafiki zake kwa jina la uhuru, kama si yeye? Aidha, mwaka ule ule wa 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, akamwonyesha kiongozi wa Maji Maji akitetemeshwa na shaka juu ya neno lake mwenyewe, na kitabu hicho watoto wetu wamekisomea shuleni hapa Songea, mji ambao nduna aliyeupa jina alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, bila mtu kudai kwamba mashujaa wametukanwa. Mwalimu naye, katika tathmini yake ya 1977 juu ya miaka kumi ya Azimio, aliyahesabu mapungufu hadharani kwa ukali ambao wapambe wake wa leo hawauthubutu.

Kwa hiyo televisheni ya taifa na kampuni binafsi zenye mitaji zitenge fedha kwa ajili ya kazi hii, na waandishi watakaoajiriwa waanzie huku Ruvuma, kwa wazee waliolala Litowa wakiwa watoto wa shule, kabla ya kwenda kuomba ruhusa ya mtu yeyote Dodoma.